Wiki 6 za Kujifunza Kuishi na Ugonjwa Usiopona: Tathmini ya Kozi Niliyohudhuria

Nimeishi na baridi yabisi ya viungo kwa miaka 9 sasa, ule ugonjwa ambao kinga ya mwili hugeuka na kuyashambulia maungio yake yenyewe, na katika miaka hiyo yote ushauri niliopewa mara nyingi kuliko mwingine wowote haukuhusu dawa wala mazoezi. Niliambiwa nisikate tamaa, nifikirie mazuri, nitabasamu, kwa kuwa moyo mkunjufu ni nusu ya tiba. Waliosema hivyo walinitakia heri, na sina kinyongo na hata mmoja wao. Hata hivyo nilikuwa nimefika mahali ambapo ushauri huo uliniongezea mzigo, kwa sababu kila nilipoamka vidole vimekakamaa kwa saa nzima au zaidi, nikashindwa kufunga kifungo cha blauzi, nilijiona nimeshindwa mara mbili: mwili umeshindwa kazi yake, na moyo nao umeshindwa kufurahi. Ndiyo maana daktari wangu aliponipa barua ya kujiunga na kozi ya wiki 6 kwa watu wanaoishi na magonjwa sugu, jambo la kwanza nililomuuliza ni kama huko nako tungefundishwa kutabasamu. Alinijibu kwamba niende nikajionee. Nimekwenda, nimeimaliza, miezi 5 imepita tangu kipindi cha mwisho, na naamini sasa ninaweza kuieleza kwa haki.

Kwanza nieleze ni kitu gani hasa. Mtaala unaofuatwa ulitoka Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, ambako Kate Lorig na wenzake walianza mwishoni mwa miaka ya 1970 na kozi ya wagonjwa wa viungo peke yao, kisha katika miaka ya 1990 wakaipanua ili watu wenye magonjwa ya moyo, mapafu, kiharusi na viungo waketi chumba kimoja na kujifunza mambo yale yale. Leo hutumika katika nchi nyingi. Kuna kipindi 1 kila wiki, kila kipindi huchukua saa 2 na nusu, na wanaokiongoza ni wawezeshaji 2 waliofunzwa, ambao angalau mmoja wao naye anaishi na ugonjwa sugu. Hakuna anayepimwa, hakuna anayeandikiwa dawa, na hakuna anayeambiwa aache dawa zake. Hili la mwisho nalitaja kwa makusudi, kwa kuwa wapo watu wengi wanaowauzia wagonjwa matumaini kwa sharti kwamba waziweke dawa kando, na kozi hii si ya namna hiyo. Sisi hatukulipa chochote.

Tulikuwa washiriki 13. Wapo waliokuwa na kisukari, pumu, ugonjwa wa moyo, selimundu, na mama mmoja ambaye figo zake zimeshindwa na husafishwa damu kwa mashine mara 3 kwa wiki. Mchanganyiko huo ulinitia shaka siku ya kwanza. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, nikawaza, na mtu wa pumu atajuaje habari za vidole vyangu? Shaka hiyo haikumaliza hata kipindi kimoja. Mara tu watu walipoanza kueleza kinachowasumbua zaidi, karibu hakuna aliyeanza na kiungo kinachouma. Walizungumzia uchovu usioisha kwa kulala, hofu ya usiku, ratiba ya dawa inayotawala siku, aibu ya kuahirisha miadi na marafiki mara ya kumi, na upweke wa kuonekana mzima machoni pa watu huku ndani umebomoka. Katika hayo sote tulikuwa na ugonjwa mmoja.

Jambo dogo lililonipendeza sana ni namna vipindi vilivyofunguliwa. Lugha yetu yenyewe imetuzoesha kujibu kabla ya kufikiri: ukiulizwa hujambo, unasema sijambo, hata kama umekesha kwa maumivu. Mwezeshaji mkuu, ambaye mwenyewe ana kisukari cha tangu utotoni, alituambia kwamba salamu hiyo tuiache mlangoni, si kwa kuwa ni mbaya, ila kwa kuwa ndani ya chumba kile swali lingekuwa jingine: leo umekuja na nini? Kila mtu alijibu kwa sentensi moja au mbili, na hakuna aliyesahihishwa. Bwana mmoja wa makamo mwenye ugonjwa wa moyo alisema amekuja na hofu ya ngazi. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba kule kusema tu, mbele ya watu wasiotikisa kichwa kwa huruma wala kukimbilia kutoa ushauri, ndiko kulikotufungua. Mficha maradhi kifo humuumbua, na nadhani vivyo hivyo mficha huzuni huumbuliwa na huzuni yake.

Katika kipindi cha kwanza tulichorewa duara ubaoni, ambalo wao huliita mzunguko wa dalili. Ugonjwa huleta maumivu, maumivu hukaza misuli, misuli iliyokazwa huharibu usingizi, usingizi mbovu huleta uchovu, uchovu huzaa hasira na huzuni, na huzuni hurudi kuongeza maumivu. Kwa miaka mingi niliishi kana kwamba huzuni ndiyo mzizi wa vyote na kwamba ningeing'oa tu, mengine yangenyooka. Pale ubaoni huzuni ilikuwa kituo kimoja kati ya vituo kadhaa, na mzunguko uliweza kukatwa popote: kwenye usingizi, kwenye misuli, kwenye pumzi, kwenye dawa iliyomezwa kwa saa yake. Siku ambayo huwezi kufurahi, pengine unaweza kujinyoosha. Sikuwahi kuelezwa hivyo na mtu yeyote, na nililia kidogo njiani nikirudi nyumbani, kwa sababu nilikuwa nimejilaumu kwa muda mrefu sana.

Kiini cha kozi nzima, na sababu kubwa ya mimi kuipendekeza, ni kile kinachoitwa mpango wa wiki. Kila kipindi humalizika kwa kila mshiriki kutaja jambo moja atakalolifanya kabla ya kukutana tena. Liwe ni jambo analolitaka mwenyewe, si alilotakiwa na daktari au mume. Liwe ni tendo. Lieleze ni nini, kiasi gani, wakati gani na siku ngapi. Mimi, kwa mazoea ya miaka 9, nilisimama nikasema kwamba wiki hiyo nitakuwa na mtazamo mzuri. Mwezeshaji hakunicheka wala hakunipongeza. Aliniuliza nitafanya nini ili kuwa hivyo, kwa dakika ngapi, saa ngapi na siku zipi. Sikuwa na jibu hata moja. Tulikaa kimya kidogo, kisha nikasema ninachokitaka kwa kweli ni kutembea tena jioni, kama nilivyokuwa nikifanya kabla sijaugua. Tukaandika: dakika 10, kabla jua halijazama, siku 4.

Hapo ndipo linapokuja swali ambalo limebadilisha maisha yangu kuliko nasaha zote nilizowahi kupewa. Unaulizwa una uhakika kiasi gani, kuanzia 0 hadi 10, kwamba utautimiza mpango wako wote. Nikisema 7 au zaidi, mpango unabaki. Nikisema chini ya 7, hakuna anayenihimiza niongeze moyo, na huo ndio uzuri wake. Mpango ndio unaopunguzwa. Nilisema 5. Nikaulizwa kinachonizuia, nikaeleza kwamba kuna dawa ninayomeza mara 1 kwa wiki na kwamba siku inayofuata huwa siwezi lolote. Basi siku hiyo ikatolewa, siku zikawa 3, dakika zikawa 7, na uhakika wangu ukapanda hadi 8. Wiki hiyo nilitembea mara 4. Dakika 7 si kitu kwa mtu mzima, ninajua, lakini niliporudi na kutoa taarifa mbele ya wenzangu 12 nilisikia kitu kifuani ambacho sikuwa nimekisikia kwa muda mrefu, na hakuna aliyeniamuru nikisikie. Kilikuja chenyewe, nyuma ya tendo, kama kivuli kinavyomfuata mtu.

Baadaye niligundua kwamba waanzilishi wa kozi hii nao walishangazwa na jambo hilo hilo. Walipoichunguza ile kozi ya mwanzo ya wagonjwa wa viungo walitarajia kwamba waliofanya mazoezi zaidi ndio wangepona maumivu zaidi, na uhusiano huo ukawa hafifu. Kilichokwenda sambamba na nafuu kilikuwa imani ya mtu juu ya uwezo wake wa kufanya jambo fulani, ile ambayo mwanasaikolojia Albert Bandura, wa chuo hicho hicho, alikuwa ameichambua kwa kina. Bandura alisema imani hiyo hujengwa hasa kwa kufanya na kufaulu, na kwa kumwona mtu kama wewe akifaulu. Maneno ya kutiwa moyo yana nguvu ndogo zaidi. Mpango wa dakika 7 ni nadharia hiyo ikiwa imevaa viatu.

Kuna matokeo mengine ambayo nimeyaandika kwenye karatasi na kuyabandika ukutani. Mwaka 1993 Lorig na wenzake walichapisha habari za wagonjwa wa viungo waliofuatiliwa kwa miaka 4 baada ya kozi. Maumivu yalikuwa yamepungua kwa wastani wa asilimia 20 na safari za kwenda kwa daktari kwa asilimia 40, ilhali ulemavu wa mwili ulikuwa umeongezeka kwa asilimia 9. Nawaomba wasomaji wenye ugonjwa kama wangu waziangalie takwimu hizi kwa pamoja. Ugonjwa uliendelea na safari yake, viungo viliharibika zaidi, na hata hivyo watu wale waliumia kidogo kuliko zamani. Mtu akiniuliza kama inawezekana kuwa na moyo mkunjufu huku mwili unazidi kuharibika, humwonyesha karatasi ile kabla ya kumjibu.

Sitaki hata hivyo kuipamba. Kozi hii iliyopanuliwa kwa magonjwa mengi ilipimwa kwa watu 952 na matokeo yakatolewa mwaka 1999: baada ya miezi 6 washiriki walifanya mazoezi zaidi, uchovu wao ulipungua, hawakusumbuliwa sana na hofu juu ya afya yao, na siku walizolazwa hospitalini zilikuwa chache kuliko za wenzao, lakini maumivu na ugumu wa kupumua havikutofautiana na vya wale ambao hawakuhudhuria. Nchini Uingereza, jaribio la watu 629 lililochapishwa mwaka 2007 lilionyesha kwamba kujiamini na nguvu za mwili viliongezeka, ila matumizi ya huduma za kawaida za afya hayakupungua. Anayekwenda akitarajia kupona atarudi amevunjika moyo. Anayekwenda akitaka kujua afanye nini kesho asubuhi atarudi na kitu mkononi.

Sasa nieleze kilichoharibika, kwa sababu kiliharibika vibaya. Katika wiki ya 5 kuna somo la kufikiri kwa namna inayojenga. Lilivyo kwenye mtaala ni somo zuri: unajifunza kuisikia sauti yako ya ndani inayosema mimi sifai kitu tena, kuichunguza kama ni kweli, na kuibadilisha iwe sentensi iliyo sahihi zaidi, kwa mfano kwamba leo sikuweza kupika lakini niliweza kumsomea mtoto. Sentensi hiyo ya pili haina furaha ya kulazimisha. Ina ukweli zaidi kuliko ya kwanza. Mwezeshaji wetu wa pili, kijana mwenye bidii aliyeongoza siku hiyo, aliligeuza somo hilo kuwa amri. Alisema kwamba wagonjwa wa saratani wanaotabasamu huishi na wanaonung'unika hufa, na kwamba kila neno la huzuni tunalolitamka linalisha ugonjwa. Yule mama wa figo, ambaye siku hiyo alikuwa amekuja na uso uliovimba, alisema amechoka na mashine. Kijana alimkatiza, akasema hapa hatusemi hivyo. Mama alifunga mdomo, na kwa saa nzima iliyobaki hakusema neno.

Ninalirudia jambo hili kwa uchungu kwa sababu si kosa la adabu tu. Ni kosa la ukweli. Swali la kama hali ya moyo hurefusha maisha ya mgonjwa wa saratani limechunguzwa. Mwaka 2007 James Coyne na wenzake walitoa matokeo ya wagonjwa 1,093 wa saratani za kichwa na shingo, ambao 646 kati yao walifariki katika kipindi cha utafiti, na hali ya moyo waliyokuwa nayo mwanzoni haikutabiri nani ataishi na nani atakufa. Kabla ya hapo, mwaka 2001, Pamela Goodwin na wenzake nchini Kanada walikuwa wamewafuatilia wanawake 235 wenye saratani ya matiti iliyosambaa, wengine wakihudhuria vikundi vya kusaidiana na wengine wasihudhurie. Vikundi havikurefusha maisha. Vilipunguza maumivu na dhiki, hasa kwa wale walioingia wakiwa na dhiki kubwa. Mimi naona hiyo ni sababu tosha ya kuwa na vikundi, na wala hatuhitaji kuongeza uongo juu yake. Kumwambia mgonjwa kwamba tabasamu lake litamponya ni kumwandalia lawama: siku akizidiwa, ataambiwa, au atajiambia mwenyewe, kwamba hakutabasamu vya kutosha. Aliye kando haangukiwi na mti, na lawama hiyo humwangukia mgonjwa peke yake.

Wiki ya 6 mwezeshaji mkuu alianza kipindi kwa kuomba radhi mbele ya wote, akimtaja mama yule kwa heshima, na kijana naye akaomba radhi bila kujitetea. Mama alikuwa amerudi, jambo ambalo sikulitarajia. Alisema maneno machache ambayo sitayasahau: "Sikusema nataka kufa. Nilisema nimechoka. Mtu akinipokea nikiwa nimechoka, kesho yake naweza kwenda tena." Kisha akataja mpango wake wa wiki, wa kusoma kurasa 5 za kitabu kila siku anapokuwa kwenye mashine. Naamini katika muda ule wa dakika chache kundi letu lilijifunza zaidi kuliko katika somo lenyewe. Kwa hiyo kosa hilo silihesabu kuwa la mtaala. Nalihesabu kuwa la uandaaji: taasisi inayoendesha kozi isimwachie mtu somo gumu kuliko yote kabla hajaonyesha kwamba anaweza kuketi na huzuni ya mwenzake bila kuikimbia.

Upungufu wa pili ni mkubwa pia. Huzuni ya kawaida ya mgonjwa na ugonjwa wa sonona ni vitu viwili, na kozi yetu haikuvitenganisha mapema. Watu wenye kisukari, kwa mfano, hupatwa na sonona takriban mara 2 zaidi ya wasio nacho, na dalili zake, yaani uchovu, usingizi mbovu na kukosa hamu ya kula, hujificha kwa urahisi nyuma ya dalili za ugonjwa mwingine. Ipo dodoso fupi ya maswali 9 inayotumika duniani kote, yenye alama kuanzia 0 hadi 27, na mtu anayefikisha 10 hushauriwa kuchunguzwa zaidi. Ingechukua dakika 5 tu za kipindi cha kwanza. Mmoja wetu alikuwa anazama tangu siku ya kwanza, mipango yake ya wiki ikishindikana yote, na sisi tukidhani ni mvivu wa kupanga. Alishauriwa kumwona daktari katika wiki ya mwisho. Sonona hutibika, kwa dawa na kwa mazungumzo na mtaalamu, na mtu aliye ndani yake haombwi ajaribu kufurahi, kama vile aliyevunjika mguu haombwi ajaribu kutembea.

Yapo masomo ambayo nayapitia haraka. Mazoezi ya kupumua na kulegeza misuli yalinisaidia kulala. Somo la lishe lilikuwa la juu juu. Somo la kuzungumza na daktari lilikuwa la vitendo na nimelitumia kila nilipokwenda kliniki: unaandika maswali yako 2 muhimu kabla ya kuingia, unauliza mapema badala ya kungoja umeshashika kitasa cha mlango, unarudia kwa maneno yako ulichokisikia ili akusahihishe, kisha unasema ni lipi utakaloweza kulifanya na lipi hutaweza.

Lakini lipo somo moja ambalo sikulitarajia kwenye kozi yoyote ya kutia watu moyo. Tulifundishwa hatua 7 za kutatua tatizo: kulitambua, kuorodhesha mawazo, kuchagua moja, kupima matokeo, kujaribu wazo jingine, kutafuta msaada kwingine, na ya 7, kukubali kwamba huenda tatizo hilo haliwezi kutatuliwa kwa sasa. Tatizo langu lilikuwa kushona. Nimeshona kwa mkono tangu nikiwa msichana, na kwangu kushona ndiko kulikokuwa kutulia. Nilijaribu sindano zenye shina nene, nikajaribu kushona dakika chache baada ya kuloweka mikono kwenye maji ya moto, nikamwomba mtaalamu wa tiba ya kazi anitengenezee mshikio. Vyote vilishindikana, vidole vilikataa. Nilipofika hatua ya 7 na kuitamka kwa sauti mbele ya wenzangu, kwamba kwa sasa siwezi kushona, nilidhani ningevunjika. Nilipata pumziko badala yake, kama mtu aliyetua ndoo kichwani. Maneno hayo mawili, kwa sasa, yamebeba mambo yote mawili ninayoyahitaji: yanasema ukweli juu ya mikono yangu ya leo, na hayafungi mlango. Ndiyo namna ya pekee ya matumaini niliyoweza kuishi nayo bila kujidanganya.

Kwa upande wa mazingira, taasisi hiyo inapaswa kujirekebisha. Chumba kilikuwa ghorofa ya pili bila lifti, na yule bwana mwenye hofu ya ngazi alikuwa na haki ya kuwa nayo. Viti vilikuwa vigumu kwa watu wa viungo kukalia saa 2 na nusu zenye mapumziko 1 tu. Karatasi za masomo zilichapwa kwa herufi ndogo ambazo wenzetu ambao macho yao yameathiriwa na kisukari hawakuweza kuzisoma. Na baada ya wiki ya 6 hakukuwa na kitu chochote, si simu, si mkutano wa kukumbushana, wakati ugonjwa wenyewe hauna wiki ya mwisho.

Nikipewa nyota 5 za kugawa, naipa 4. Naipendekeza kwa yeyote aliyekwisha kuishi na ugonjwa wake muda wa kutosha kujua kwamba hauondoki, na aliyechoka kuambiwa ajipe moyo pasipo kuambiwa kwa njia gani. Aliyepewa habari za ugonjwa wake majuzi, akiwa bado kwenye mshtuko, naona asubiri kidogo. Na anayehisi maisha hayana thamani tena amwone daktari kwanza, leo, si baada ya wiki 6. Kabla ya kujiandikisha, uliza maswali 3: kama mmoja wa wawezeshaji ni mgonjwa, kama chumba kinafikika, na kama mtu anaruhusiwa kusema amechoka.

Kozi ilitupanga wawili wawili ili tupigiane simu katikati ya wiki kuulizana mipango inaendaje, na mimi nilipangwa na yule mama wa figo. Hatukuacha. Kila Alhamisi jioni, akiwa ametoka kwenye mashine, ananipigia, ananiuliza, "Mwanangu, leo umekuja na nini?" na ninamweleza. Wiki hii mpango wake ni kurasa 10 kwa siku, na uhakika wake ni 8. Wangu ni kutembea dakika 20 kwa siku 5, uhakika ukawa 6, kwa hiyo tumetoa siku moja.